Shubiri Nne za Jiwe la Bibi

Mwaka huu ziwa limepanda tena, rafiki yangu. Binti yangu kajenga palepale nilipokulia, ukiteremkia ziwani kutoka Kisesa, na nilipofika nilimkuta anahamisha kuku. Sikunywa hata maji, nikauliza, "Jiwe liko wapi?" Akanionyesha. Lilikuwa limebakiza kichwa tu. Nikakaa kwenye ndoo, ndoo ikapasuka. Ndivyo nilivyo, hata huzuni yangu lazima ivunje kitu.

Juu ya jiwe hilo bibi yangu alikuwa anaparulia samaki. Miaka ile kabla ya uhuru maji yalikuwa mbali chini yake. Jirani yetu mvuvi alisukuma mtumbwi kwa upondo, ule mti mrefu, mpaka mbali huko, na bado unagusa chini. Akirudi ni ngege, ningu, na furu wa kuwagawia watoto bure. Bibi aliwakausha kwa moshi akauze Kisesa. Na mimi nilinuka moshi mpaka mwalimu akanikalisha dirishani, na masomo yangu yakaishia dirishani hapohapo. Kuhesabu nilijua mpaka kumi. Baada ya hapo nilikuwa nakisia.

Kisha jirani akanunua nyavu za nailoni. Bibi alizipapasa, akasema, "Mbona hizi hazichagui mama wala mtoto?"

Jirani akacheka. "Ah, mama, ziwa hili liishe? Labda tulinywe."

Uhuru ukaja, tukaimba mpaka sauti zikakauka, halafu ikaja mvua. Haikukatika. Maji yakapanda, upondo ukawa haugusi tena chini, na ajabu ni kwamba kina kilivyozidi, ndivyo samaki walivyopungua. Jirani akawa anarudi na nusu ya kapu, hacheki.

Sasa, babu yangu alizikwa hatua chache juu ya jiwe. Mwenyewe alitaka asikie makasia. Bibi mguu ulikuwa umemvimba, hawezi kuteremka, basi kila asubuhi aliniagiza niingie majini nipime jiwe kwa shubiri, toka kichwani mpaka maji yalipo. "Zikibaki mbili, niambie siku hiyohiyo. Naita wanaume wamjengee mzee wangu ukuta wa mawe."

Siku za kwanza nilienda. Shubiri nne. Baadaye watu wakasema mamba kaonekana kwenye matete, na mimi sikuwa shujaa, hata jogoo wetu alikuwa ananifukuza. Nikawa najificha nyuma ya ghala, nahesabu mpaka kumi, elimu yangu yote hiyo, narudi.

"Nne, bibi."

"Nne kweli?"

"Nne."

"Mungu mkubwa." Na ananikatia tumbo la ngege, lile lenye mafuta, kwa sababu nimetumwa nikatumika. Nililila, rafiki yangu. Wiki nzima nililila.

Asubuhi moja jirani akapanda njia, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefunga wapi mtumbwi leo?"

Akatazama chini. "Nimefunga kwa mzee, mama. Ufukwe umefika pale."

Bibi hakunipiga. Aliniuliza tu, taratibu, "Nne?" Akateremka na mguu wake ule, akasimama majini mpaka magotini, pale kichwani kwa babu, akawa anapapasa chini kwa mikono kama mtu aliyeangusha sindano. Tangu siku hiyo hakunituma tena. Kila aliposikia maji yanapiga, aligeuza kichwa.

Maji yalikuja kushuka kidogo, miaka mingi baadaye, lakini mahali pa kaburi palikuwa mchanga mtupu. Ningu wajukuu zangu hawamjui. Furu ninawasimulia kama nasimulia mazimwi. Akaja yule samaki mkubwa anayekula wenzake, na leo wavuvi wanakwenda mbali hata moto wa nyumbani hawauoni, wanarudi na vidagaa.

Jana nilimtuma mjukuu wangu akapime jiwe. Jiwe liko ndani ya maji, hulifikii bila kulowa. Akarudi mbio.

"Nne, bibi!"

Nilimtazama miguu. Ilikuwa mikavu, na vumbi lake.

Nikavua ndala, nikateremka mwenyewe.