Masanduku Saba ya Mpima

Mzee Posta alifika miaka sitini bila kuwahi kushika karata ya aina yoyote. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpangaji wa barua. Alisimama mbele ya ukuta wa vijumba vya mbao, mkono wa kushoto umeshika rundo, wa kulia unarusha, macho yanasoma anwani kabla akili haijaamka vizuri. Kazi hiyo ilimpa jina, ikampa mgongo unaouma, na ikamwachia tabia ya kunyoosha kila alichokikuta kimelala upande. Mkewe alikuwa akisema kwamba hata vijiko vya nyumba ile vinamwogopa.

Kisha figo zikagoma. Daktari alimweleza taratibu, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda sokoni. Kuanzia hapo, mara tatu kwa wiki, akawa anakaa kiti cha tatu katika wodi ya kusafishia damu, sindano mbili zimeingia mkono wa kushoto, mashine inanguruma pembeni, kwa muda wa saa nne kila mara. Mkono wenye sindano hauruhusiwi kucheza. Miezi ya mwanzo alikuwa akiitazama dari tu.

Kiti cha nne alikaa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mdomo hauna breki. Kabla ya ugonjwa alikuwa mpima ardhi, na wodi nzima ilimwita Mpima.

“Mzee wangu, hiyo dari utaitazama mpaka lini?” alimuuliza siku moja. “Mimi nimeshaihesabu. Ina vigae mia na kumi na sita, kimoja kimepasuka. Vuta hiyo meza nikufundishe kitu.”

Akatoa karata kwenye mkoba.

“Mimi si mtu wa kamari, mwanangu,” alisema Mzee Posta.

“Nani kataja kamari? Hii ni vita.”

Zilikuwa zile karata za kukusanya, zinazouzwa kwenye pakiti zilizofungwa, usijue umepata nini mpaka uchane. Kila moja ilikuwa na picha yake: jemadari, joka, mto, ngome, mchawi. Chini ya picha yaliandikwa maneno madogo ya kueleza nguvu zake. Mchezaji anachagua sitini katika zote alizonazo na kuingia nazo vitani. Mpima alikuwa nazo zaidi ya elfu nne. Alianza kuzikusanya akiwa chuoni, akaendelea kazini, na alipoacha kazi zikabaki ndizo shughuli yake.

Kucheza kwa mkono mmoja kulikuwa kasheshe. Karata zilikuwa zikimwagika sakafuni na sista wa zamu akiziokota huku akilalama. Wiki ya pili Mzee Posta alikuja na vipande viwili vya mbao alivyovichonga mfereji katikati, karata zikasimama humo kama barua kwenye kijumba. Mpima alicheka hadi mashine yake ikalia.

“Nyinyi wawili mkipandishana presha,” sista aliwaonya, “mimi ndiye nitakayeandika maelezo.”

Walicheza miaka mitatu. Mzee Posta alishindwa karibu kila siku. Mpima alikuwa na karata moja aliyoipenda kuliko zote, bibi kizee mwenye jino moja anayetokea bwawani. Kila alipoitoa, alikuwa akimwinamia mzee na kusema, “Shikamoo yake hiyo, itikia!” Na mzee alikuwa akiitikia marahaba, jeshi lake linateketea. Wakati mwingine walizungumza mambo mengine. Mpima alimweleza kwamba alikuwa na mchumba, na kwamba mchumba alianza kuja mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi, kisha akawa anatuma ujumbe. Alilisema hilo akiwa anapanga karata, bila kuinua macho. Mzee Posta akamwambia, “Zamu yako, mwanangu.”

Jumanne moja alifika akakuta kiti cha nne kimetandikwa shuka jipya na mashine yake imezimwa. Sista alikuja akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Alfajiri ya jana,” alisema. “Nyumbani. Moyo ulisimama tu, mzee.”

Mzee Posta alinyoosha mkono wa kushoto ili achomwe sindano. Aliporudi nyumbani mkewe alimtazama usoni mara moja tu, akaenda kumwekea maji ya kuoga.

Wiki tatu baadaye mama yake Mpima alikuja kwake akiwa amepakia vitu kwenye teksi. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyejinyoosha kama askari, na wodini alikuwa akimsubiri binti yake nje kwenye benchi, hakuwahi kuingia ndani. Dereva alishusha begi kuukuu la safari ambalo zipu yake ilikuwa imekufa, limefungwa kwa kamba, pamoja na maboksi tisa ya viatu.

“Alisema karata apewe mzee wa Posta,” alisema mama. “Alilisema zamani, mimi nikamgombeza kwamba anajitabiria. Basi hizi hapa.”

Walipofungua begi, harufu ya unyevu ilipanda. Karata za chini zilikuwa zimeanza kupinda, na boksi moja la viatu lilikuwa limetobolewa na wadudu kwenye kona. Mzee Posta alishika moja, akaipuliza vumbi, akaibana kati ya viganja kama anayempasha mtoto joto.

“Hazifai kukaa hivi, mama. Zitakufa zote.”

Neno lilikuwa limeshamtoka. Mama hakubadilisha uso.

“Tafuta pa kuziweka,” alisema. “Siku ya kwenda kununua niambie. Nataka kuona zitalala wapi.”

Walikwenda Jumamosi, siku isiyo ya mashine, kwenye duka kubwa la vyombo vya plastiki na vifaa vya ofisi. Mzee Posta alikuwa amejiandaa kama anayekwenda kwenye usaili: utepe wa kupimia mfukoni, na karata hamsini kwenye bahasha, ishirini na tano zikiwa zimevikwa mifuko yake midogo ya plastiki na nyingine tupu, kwa sababu karata iliyovikwa hunenepa, na sanduku linaloipokea iliyo tupu laweza kuikataa iliyovikwa.

Alianza na makopo ya bati yenye maua. Mama aliyapenda. Mzee akatikisa kichwa: bati linatoka jasho, kazini alishaona barua zilizogandana ndani ya bati zikawa tofali. Akaja kwenye maboksi magumu ya mafaili. Karata zilisimama ndani zikazama, juu kukabaki nafasi ya kulaza paka. Muuzaji, dada mmoja mwenye miwani kichwani, alikuwa akiwafuata nyuma bila kuelewa wanachotafuta.

“Mzee, kwani unaweka nini humo? Vyeti?”

“Karata.”

“Karata tu?” Aliona uso wa mama, akarudi nyuma hatua moja.

Kwenye rafu ya chini kulikuwa na visanduku vya plastiki angavu vya kuwekea viatu, vyenye mfuniko unaobana kwa ndoano pande mbili. Mzee Posta alipiga magoti kwa shida, akapanga karata mstari mmoja, akapanga wa pili. Mistari yote miwili ilikaa, ikaacha upenyo wa upana wa kidole, wa kutosha kuchomoa karata. Akafunga mfuniko, akakipindua juu chini. Hakuna iliyotoka. Alihisi furaha kidogo, ya kwanza tangu ile Jumanne, akageuka kumwonyesha mama.

Mama hakuwa nyuma yake. Alikuwa amesimama upande wa pili wa duka mbele ya kasha la mbao, kubwa, lenye kufuli na vishikio vya shaba, anapitisha kiganja juu ya mfuniko.

“Hili,” mama alisema, mzee alipomfikia. “Humu zitaenea zote. Zikae pamoja.”

“Mama, mbao hii ina vanishi mbichi. Nusa. Na likijaa, halitainuka.”

“Nani kasema liinuke?”

“Mimi huu mkono wa mashine siruhusiwi kubebea kitu kizito. Ndiyo maana nataka vidogo. Nachukua kimoja, naenda nacho.”

“Unakwenda nacho wapi?”

Mzee Posta aliona amekanyaga pabaya, lakini hakuwa mtu wa kudanganya. “Kule wodini. Nilifikiri niwafundishe wengine. Watu wanakaa saa nne wanatazama dari.”

Mama aliondoa mkono kwenye kasha.

“Miaka sita,” alisema, sauti ya chini kabisa. “Miaka sita nimempeleka pale, mara tatu kwa wiki. Nimekaa kwenye lile benchi mpaka naujua kila msumari. Alfajiri ile alipoondoka, sikulia, mzee. Unajua niliwaza nini? Niliwaza, kesho siendi pale. Mama mzima nikawaza hivyo. Kitu chake chochote hakirudi pale. Nisamehe. Nilikupa, najua nilikupa. Nirudishie.”

Muuzaji alijifanya anahesabu ndoo. Mzee Posta alisimama na kisanduku chenye karata zake hamsini mkononi. Alikuwa na maneno tele: kwamba Mpima mwenyewe ndiye aliyesema, kwamba pale wodini ndipo alipocheka kuliko popote. Aliyatazama yale maneno moja moja na kuyarudisha alikoyatoa.

“Sawa, mama,” alisema. “Lakini tusichukue kasha. Vanishi itazila. Tuchukue hivi, nami nizipange kwanza. Nikimaliza nitakuletea.”

Walichukua saba.

Aliporudi na kumweleza mkewe, mkewe aliweka mwiko chini. “Si mtoto alikupa wewe? Unarudisha za nini?”

“Mtoto alinipa. Anayezihitaji ni mama yake.”

“Na wewe?”

Mzee alivuta meza karibu na dirisha, akakata vigawanyo kutoka kwenye karatasi ngumu, na kwa wiki mbili, siku zote zisizo za mashine, akapanga. Zilizopinda alizilaza chini ya vitabu vizito. Zilizoliwa na wadudu alizitenga kwenye bahasha, hakutupa hata moja. Majemadari kwao, mito kwao, majoka kwa rangi zao, na kila kigawanyo akakiandika kwa ule mwandiko wake wa kazini, herufi zilizosimama wima. Mara nyingine alikuta karata akakumbuka siku Mpima alipompiga nayo, na sentensi aliyoambiwa, na mkono ukabaki hewani.

Alipofika kwa bibi kizee wa bwawani alimweka kando ya kikombe chake. Akamwacha hapo siku tatu. Hakuna ambaye angejua. Katika elfu nne mama asingeona pengo la moja. Lakini kwa miaka thelathini na mmoja maelfu ya barua za watu yalikuwa yamepita mikononi mwake, hata moja haikuwahi kwenda naye nyumbani. Siku ya nne alimvika mfuko mpya na kumrudisha kwenye sanduku la tano, nyuma ya kigawanyo cha wachawi, wa kwanza mbele.

Mkewe alimsaidia kuzipeleka. Mama aliwaingiza kwenye chumba cha binti yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na kwenye kona ilisimama stendi ya miguu mitatu ya kupimia ardhi, imefunikwa kitambaa. Visanduku vilikaa kwenye rafu, vinne chini, vitatu juu, picha zikionekana kupitia plastiki.

“Alikuwa anapenda ipi?” mama aliuliza ghafla.

Mzee alifungua la tano, akampa. Mama aliisogeza karibu na macho.

“Huyu?” alisema. “Mbona ana sura mbaya hivi?” Kicheko kilimtoka, kifupi, na nyuma yake kikaja kilio ambacho alikuwa amekibana tangu siku ile. Mke wa Mzee Posta alimshika, wakakaa kitandani wote wawili. Mzee alitoka akasimama uani, akaona kamba ya kuanikia nguo imelegea upande mmoja, akaikaza.

Kiti cha nne kilipata mtu mwingine, dereva wa lori, bonge la mtu na mpole. Mzee Posta alimuuliza siku ya pili kama angependa kujifunza mchezo.

“Asante, mzee wangu, mimi nikikaa hapa nalala,” alisema dereva, akavuta kofia usoni, na kweli akalala.

Karata sitini za Mzee Posta mwenyewe, alizozinunua kidogo kidogo katika miaka mitatu, zilibaki nyumbani kwenye droo.

Mwaka uliofuata mama yake Mpima alihama. Alikwenda kuishi na mwanawe wa kiume mji wa mbali, nyumba ile ikapangishwa. Alimpigia simu Mzee Posta baada ya kufika.

“Nimekuja na visanduku vyote saba,” alisema. “Nilivipakata mwenyewe njia nzima, kimoja kimoja kwa zamu, kijana wangu akashangaa. Nimeviweka juu ya kabati.”

“Jua halizifikii karata?”

“Halizifikii.”

“Na ukuta wa hapo, hauna unyevu?”

“Nimegusa. Mkavu.”

“Basi vizuri, mama.”

Mama aliuliza habari za afya, mzee akasema anajikongoja. Kisha mama akasema, “Haya, mzee,” naye akasema, “Haya, mama,” na hakuna aliyekata mpaka salio lilipokwisha.