Mti wa Koko Ulikuwa wa Ngozi Tu

Nyanya yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita Koko, alikuwa na mti mmoja tu katika parseli yake, kiwanja chake cha mtaa wa Mudzipela mjini Bunia, na mti huo haukuzaa kitu cha kuliwa. Ulitoa maua. Maua makubwa, mekundu ya kukaribia rangi ya makaa ya moto, yaliyokaa juu ya matawi kama vikombe na kushika maji ya mvua. Hata kabla ya kufunguka yalikuwa yamejaa maji ndani, na mimi na yaya, dada yangu mkubwa, tuliyaminya tukarushiana usoni. Nguo zetu za shule zilipata madoa ambayo hakuna sabuni iliyoyaondoa, na mama alitupigia hayo.

Koko alitibu watu waliounguzwa na moto. Walikuja wamama waliomwagikiwa na mafuta ya maandazi, na abiria waliogusisha mguu kwenye bomba la pikipiki. Alikata gome upande mmoja wa mti, kipande cha upana wa kiganja, kisha akapaka mahali pale udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, na hakurudi kukata hapo mpaka gome jipya lifunge. Gome alilichemsha, akaliacha lipoe kabisa, akaosha kidonda asubuhi na jioni. Aliyeungua usoni, au mtoto aliyeungua kifuani, hakumgusa. Alimwambia aende hospitali wala asichelewe. Na mtu alipomuuliza kama maji yale yananywewa, jibu lake lilikuwa lile lile.

"Hii ni ya ngozi. Ya ndani, mimi sijui."

Mjomba wangu alifika kutoka Fataki, akikimbia vita, mwaka ambao Koko alikufa. Kule alikuwa mtu wa ng'ombe, mtu ambaye watu walimngoja ndipo waanze kikao. Alitufikia na mke wake, magodoro mawili na bidoni moja ya maji. Miezi ilipita akiwa amekaa kwenye kiti kidogo mlangoni, akiangalia barabara. Wagonjwa walikuwa bado wanakuja kumuulizia Koko, na kwa kuwa utotoni alikuwa amemwona mama yake akifanya kazi ile, alianza kukata gome na kuosha vidonda. Vilipona. Siku moja akayanywa yale maji kwa ajili ya mgongo wake, na mgongo ukapoa. Labda ulipoa kwa sababu alikuwa amepumzika, mimi sijui. Yeye alisema Mungu hakumwacha mikono mitupu.

Akaniita. Mimi nafundisha mwaka wa tatu shule ya msingi, na mwandiko wangu unasifiwa. Alitaka karatasi za kubandika kwenye chupa. Nilikata daftari vipande vipande, nikakaa mezani, naye akasimama nyuma yangu akitaja: moto, vidonda, tumbo, mgongo, damu kupanda, sukari. Kwenye sukari kalamu yangu ilisimama, nikamgeukia mjomba.

"Noko, hata sukari?"

"Mama moja alikunywa, sukari yake ikashuka. Weye uko mwalimu, hauko munganga. Andika tu."

Nikaandika. Nimewahi kuwaambia watu kwamba niliandika bila kufikiri, lakini si kweli. Nilifikiri. Nilimkumbuka Koko na neno lake. Ila huyu alikuwa kaka wa mama yangu, amepoteza kila kitu, na kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa amemwamuru mtu akatiiwa. Nilimfurahia. Niliandika hata vijiko viwili asubuhi na vijiko viwili magharibi, nikapiga mstari chini kwa rula ili ipendeze.

Yaya alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kujidunga sindano kila siku. Alikuwa anauza vitenge sokoni, na dawa yake aliihifadhi nyumbani katika chungu chenye mchanga uliolowa maji, maana umeme wetu si wa kutumainia. Miaka mingi ya sindano ilikuwa imeifanya ngozi ya tumbo lake kuwa ngumu. Alikuwa amechoka, na uchovu huo hakuuficha. Mjomba hakumlazimisha. Alimpa chupa kama zawadi, siku aliyopita kumsalimia.

Mume wake ndiye aliyenieleza baadaye. Alipoona ile chupa alimwonya, akamwambia amuulize daktari kwanza. Yaya akageuza chupa, akaisoma karatasi, akacheka kidogo, akasema humo hamna uongo.

"Hii ni mwandiko ya mudogo yangu. Yeye hawezi kuandika bongo."

Aliacha kwanza sindano ya jioni. Siku chache alijisikia vizuri, au alisema hivyo, akaacha na ya asubuhi. Kiu ikamshika. Alianza kukonda, akasema dawa inamsafisha. Hakuniambia neno, nadhani kwa sababu aliamini mimi najua tayari.

Waliniita Jumapili, baada ya misa. Nilimkuta amelala ubavu, anapumua kama mtu anayepanda kilima na mzigo kichwani, na kinywa chake kilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Tulimweka kwenye pikipiki kati ya dereva na mimi, nikamfunga kwangu kwa kitenge asianguke. Njia nzima kichwa chake kilikuwa kinagonga bega langu. Niliongea naye, hakujibu.

Hospitalini daktari kijana aliuliza kama kuna dawa nyingine aliyokuwa anatumia. Mume wake alitoa chupa mfukoni. Daktari akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye vijiko viwili. Halafu akaniangalia mimi, pengine kwa sababu nilikuwa karibu.

"Nani aliandika hii?"

"Sijui," nikasema. "Wanaiuza sokoni."

Shemeji yangu aliinamisha kichwa, hakunisahihisha. Daktari aliweka chupa dirishani, akarudi kwa mgonjwa. Yaya alikufa Jumanne kabla ya adhuhuri, bila kuamka.

Mjomba alikuja kwenye kilio na mke wake. Alilia machozi ya kweli; siwezi kumnyima hilo. Tulipotoka makaburini nilimwita nyuma ya nyumba, nikamwambia kwamba dawa yake imemuua mtoto wa dada yake. Akasema yaya alikunywa vibaya, kwamba yeye hakumwambia aache sindano. Nikamuuliza alimwambia aendelee nazo lini.

"Na weye ndiye uliandika," akanijibu.

Kabla sijajibu, mwanamke mmoja alisimama kwenye mlango wa parseli, akapiga hodi, akauliza kama chupa zimebaki. Mjomba aliniangalia. Nilitegemea atamfukuza. Aliingia ndani, akatoka na chupa, akampa, akamweleza namna ya kunywa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Sikufungua mdomo.

Wakati huo mti wenyewe ulikuwa umekwisha kuchunwa. Hakuna aliyepaka udongo tena. Yeye alikata, na wengine walikuja kukata tulipokuwa kanisani, mpaka gome likaisha kuuzunguka, toka chini hadi mkono wa mwanaume unapofika. Kiangazi hicho ulichanua kuliko miaka yote. Watu walisimama barabarani kuupiga picha kwa simu, wakatusifu kwa mti mzuri. Kisha majani yakadondoka na hayakurudi. Shemeji aliukata. Mbao zake hazikufaa kitu. Jikoni zilitoa moshi mtupu hazikushika moto, tukaziacha zioze kando ya choo.

Mjomba sasa anafanya kazi yake Nizi, kwa watu wa dhahabu. Magome anayatoa kwenye miti ya wengine. Wanamwita munganga, na nasikia kiti chake siku hizi ni kikubwa. Siku za sikukuu anarudi Bunia, na hukaa benchi la mbele yangu kanisani. Padri anapotuambia tupeane amani, yeye hugeuka na kunipa mkono. Nami naushika, kwa sababu watu wanatuangalia.