Swali la Mbuzi Lililofichwa Chini ya Majosho

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Masjala hakunipa hata kiti. Alinipa rundo la barua, akataka kila moja ifike kwenye jalada lake kabla ya chai. Masjala, kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi, ni chumba cha ofisi ambamo barua zote hupewa namba na kutunzwa. Mzee yule alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, usiandike barua bila kutaja kumbukumbu namba ya barua iliyotangulia. Ya pili, mada ikibadilika, andika kichwa kipya cha habari na ufungue jalada jipya. Nilizishika zote mbili kama amri za kanisani, na kwa miaka mingi hazikuniangusha.

Zikaja enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Mitumba ikajaa sokoni Dodoma, na maofisini wakaanza kupunguza watu. Masjala tulikuwa watano, wakaondolewa watatu. Mimi nilipona kwa sababu mradi mmoja wa mifugo ulitafuta mtu wa kukaa na kompyuta, na wenzangu waliikimbia. Hata mimi niliiogopa, ila nyumbani kulikuwa na watoto wanne, jamani.

Bosi wangu mpya, Mratibu wa Mradi, alikuwa mpole na mwenye haraka. Alinionyesha modemu, kisanduku kilichopiga simu Dar es Salaam mara moja kwa siku na kutuletea ujumbe wa kikundi cha majadiliano. Humo wataalamu wa mifugo wa nchi kame waliulizana na kujibizana. Swali na majibu yake yote, moja chini ya lingine, tuliuita uzi. Nikajisemea, kumbe uzi ni jalada tu. Hapo ndipo nilipojidanganya.

Siku moja akaja Mzee Malogo, mfugaji wa Mlali. Alinisalimia kwa "Mbukwa" ya Kigogo, nami nikampa shikamoo yake. Mbuzi wake walikuwa wakizaa watoto wazima wa mwili, lakini miguu ya nyuma haisimami, na baada ya siku chache wanakufa. Afisa Mifugo wa kwao alikuwa ameshindwa. Mbuzi wengine wengi wa mzee walikuwa na mimba, wangezaa baada ya wiki tatu hivi. Mratibu akaniambia niulize kwenye kikundi haraka.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mkono wangu haukuweza kuandika barua isiyo na kumbukumbu. Nikafungua ujumbe wa mwisho uliokuwepo, wa ule ugomvi mrefu wa majosho: nani aendeshe majosho ya kuogeshea ng'ombe, serikali au wafugaji wenyewe. Nikabonyeza kitufe cha kujibu, nikafuta kichwa cha habari, nikaandika kipya kuhusu mbuzi wa Mlali. Rejea ipo, mada mpya ipo. Nikajipongeza.

Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Mzee Malogo alikuja kila siku lori la mahindi lilipotoka Mlali, akikaa kwenye benchi na kofia magotini, nami nikimwambia wataalamu hawajajibu. Nilianza kuwachukia wataalamu wenyewe.

Wiki ya tatu Mratibu alipochungulia kompyuta yangu alikuta swali la mbuzi limelala ndani ya uzi wa majosho. Nikamwambia mashine imekosea, kichwa nimebadilisha kwa mkono wangu. Akafungua kompyuta yake, yenye programu nyingine ya kusomea ujumbe, na huko swali lilisimama peke yake, wazi kabisa. Tukatazamana. Barua moja, kompyuta mbili, mahali pawili!

Alipompigia simu fundi wa Dar es Salaam tukaelezwa. Kila ujumbe una namba yake iliyofichwa, na ukibonyeza kujibu, unabeba namba za waliotangulia. Programu kama yangu hufuata ukoo: badilisha jina utakavyo, baba yako ni yuleyule. Programu kama ya Mratibu hutazama jina tu. Wanakikundi wengine karibu wote walikuwa na programu za ukoo, na kwa kuchoshwa na majosho walikuwa wameufunga uzi wote usionekane tena.

"Kwa hiyo hakuna aliyelisoma?" niliuliza.

"Hakuna," Mratibu alisema. "Andika upya. Usijibu chochote, anza tu."

Nikaanza bila rejea, naona aibu kama niliyetoka bila kanga. Kesho yake majibu yakaja matatu: mbuzi wenye mimba wamekosa madini ya shaba, walambishwe madini hayo kabla ya kuzaa. Lakini walikuwa wameanza kuzaa. Mzee Malogo alipokea karatasi, akaikunja, akaondoka. Hakurudi tena ofisini, nami sikumwambia kwamba kosa ni langu.

Nimefundisha vijana wengi baada ya hapo, na mpaka nastaafu sikuelewa ni programu ipi yenye haki. Mtu akibadilisha mada, bado anajibu au ameanza? Sijui, na msinidanganye kwamba ninyi mnajua. Nilichokijua ni kwamba nilikuwa na deni la maneno.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Mlali. Mzee alikuwa hai, macho yamefifia, akanitambua kwa sauti. Nikamweleza yote, taratibu, hadi namba zilizofichwa. Nikaomba msamaha.

"Kwa hiyo hawakunidharau?"

"Hawakukuona, mzee. Mimi ndiye niliyekuficha."

Akashusha pumzi. "Mimi nilijua walisoma, wakaona ni mbuzi wa Mgogo tu, wakapita," alisema. "Tangu siku ile, mwanangu, sijamuuliza msomi yeyote kitu chochote."