Saa Moja kwenye Ratiba ya Helsinki

Mimi nikipanga jambo, limepangika. Shule ya usiku ilinifundisha mambo elfu nne, nimesahau elfu tatu na mia tisa, lakini kuchora jedwali sijasahau. Mwalimu wetu pale Louisville, mama mmoja aliyekuja darasani na chupa ya kahawa kubwa kama mtungi wa gesi, alitupa zoezi la mwisho: chagua mji mkuu wowote duniani, panga matembezi ya siku tatu, andika saa, mahali na sababu. Wenzangu nusu darasa walikwenda Paris. Mimi nilichagua Helsinki. Nilipata alama ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzipata katika jimbo la Kentucky, na cheti nimekitundika juu ya televisheni, kikubwa kama mlango.

Mwalimu aliniuliza kwa nini Helsinki. Nikamwambia napenda baridi. Darasa zima likacheka, maana mimi ndiye niliyekuwa navaa koti mpaka mwezi wa tano.

Ukweli ni kwamba kaka yetu mkubwa, tuliyekuwa tumemlilia miaka kumi na saba, alikuwa ameonekana huko akiwa hai.

Aliyemwona ni dada yetu, anayenitangulia mimi kuzaliwa. Anaishi Reynoldsburg, mashariki ya Columbus, na kazi yake ni kutunza wazee kwenye nyumba moja kule Westerville. Siku zake za kupumzika anaangalia video za arusi za Wakongo wa dunia nzima. Atakuambia nani kaoa Australia na kama soda zilitosha. Sasa katika arusi moja ya Helsinki akaona mwanamume anapita nyuma ya maharusi na kreti mbili za soda, moja juu ya nyingine, kichwa kimelalia bega la kushoto kama cha kaka yetu. Akarudisha video nyuma. Akairudisha mara mia tano. Kisha akanipigia simu, wala hakusalimia.

"Marehemu anabeba soda," alisema.

Dada aliomba namba yake kwa wenye arusi, na tangu siku hiyo jina halikubadilika. Hatukuwa na ubaya, ni ulimi tu uliozoea. Mdogo wetu, aliye Cheektowaga karibu na Buffalo na anayeendesha foklifti kwenye ghala, alikuwa anaandika kwenye kundi letu la simu: marehemu ametuma picha, marehemu anauliza kwenu kuna theluji. Na marehemu mwenyewe alipolisikia alilipenda, akaanza kujiita hivyo.

Dada alilia mpaka wale wazee wa Westerville wakaanza kumtunza yeye. Mdogo wetu alinunua mbuzi mzima, akaalika kanisa zima, wakaimba hadi majirani wakaja kuuliza. Mimi nilisikiliza habari, nikasema Mungu asifiwe, nikavaa viatu vya kazi, nikaenda kupanga vifurushi. Niliingojea furaha. Haikuja. Ilikuwa kama pale daktari wa meno anapokuchoma sindano: unagusa shavu, unajua ni lako, lakini shavu halina habari nawe.

Na sikumpigia. Miezi mitano ilipita. Kila alipotaka kusema nami nilikuwa na mtihani, au zamu, au homa. Mwaka ule nilikuwa na homa nyingi kuliko hospitali.

Sababu naijua, na heri niiseme hapa hapa. Ni mimi niliyemuua kaka yetu, kwa mdomo.

Siku tuliyokimbia vita bonde la Ruzizi, kwetu Kongo, tulipotezana naye njiani. Tulipofika mtoni mama alikaa chini kwenye nyasi, akasema yeye havuki bila mtoto wake wa kwanza. Risasi zilikuwa zinasikika nyuma yetu na watu walikuwa wanavuka. Dada alikuwa amemshika mdogo wetu mkono. Mimi, mwenye miaka kumi na tano, nilirudi nyuma kidogo kuangalia. Nilikuta shati lake kwenye mtaro, shati la njano la kwaya. Katika kundi letu hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Shati tu, bila mtu. Nikarudi nikamwambia mama, nimemwona, amekufa. Mama akasimama, akavuka.

Sasa mimi tangu utoto nikiona nyoka mmoja nasimulia watano. Ng'ambo wakaniuliza alikuwa amelalaje, nikawaonyesha alivyolala. Kilio kiliwekwa bila maiti, tukanyolewa vichwa. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka, niliombwa nisimulie, na kila mwaka marehemu alikufa vizuri zaidi. Mwaka wa pili nilimfunika kwa majani. Mwaka wa tano nilimfumba macho. Tulipofika Amerika alikuwa tayari ana maneno ya mwisho, marefu, yenye aya za Biblia, na kuna watu wazima wa kanisa walioyaandika. Mama hakufika huku. Alifariki kambini Burundi, akisema anakwenda kumpokea mwanawe.

Miaka yote ya kambi dada ndiye aliyelala na mama mkeka mmoja, akimfuta machozi. Kwa hiyo nilijua nikisema, nitamkosa dada. Nikanyamaza, nikachora jedwali.

Ilikuwa mwaka 2015. Paspoti tulikuwa nazo, kazini kila mmoja aliomba siku chache za likizo mwezi wa nane, na tukihesabu safari ya kwenda na kurudi zilibaki siku tatu za kuwa kule. Nani apange? Wote walisema apange mwenye cheti. Nikalichukua lile zoezi la shule, nikaliongezea unene.

Tulikutana Reynoldsburg Jumamosi moja kulipitisha. Mimi niliendesha saa tatu na nusu kutoka Louisville, mdogo wetu saa tano kutoka Cheektowaga, na dada alikuwa amepika fufu, sombe na ndagala za kulisha kikosi. Tulipomaliza kunawa nikatoa kurasa kumi na tisa.

"Bon, monsieur le professeur," mdogo wangu akasema, akizipima kwa mkono. "Hii ni ratiba ao Biblia?"

"Soma," dada akaamuru.

Nikasoma. Siku ya kwanza, saa tatu na robo: majitu ya mawe yaliyoshika taa kwenye mlango wa stesheni, dakika kumi na mbili.

"Kuyafanyia nini?" dada akauliza.

"Kuyatazama."

"Dakika kumi na mbili kutazama jiwe! Kwetu mawe yalijaa mpaka shambani, na sijaona mtu akiyatazama hata dakika moja."

Nikaendelea. Kanisa jeupe lenye ngazi nyingi. Kanisa jingine lililochimbwa ndani ya mwamba, na hapo dada alikubali kwa kichwa, akasema hao ni watu wanaojua mabomu. Tramu ya kuzunguka mji. Nyumba ya mvuke, ambapo watu huketi uchi wakitoka jasho.

"Pamoja na nani?" mdogo akauliza.

"Wanaume upande wao, wanawake upande wao."

"Miye nitashika nguo zenu nje."

Nilipofika kwenye hoteli dada aliweka glasi chini.

"Hoteli ya nani?"

"Yetu. Iko karibu na tramu."

"Ndugu yako ana nyumba. Amenunua magodoro matatu, ametuma na picha. Na weye unakwenda kulala kwa watu usiowajua? Tutasemwa kuanzia hapa mpaka Uvira!" Akaninyang'anya zile karatasi, akaanza kuzifunua moja moja. "Donc marehemu iko ukurasa gani?"

Nikamwonyesha. Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, kabla ya uwanja wa ndege: kumsalimia mwenyeji, dakika arobaini.

Mdogo wetu alianza kucheka, kisha akaacha. Dada aliutazama ule mstari kwa muda. Hakufoka. Mtu anayefoka siku zote akikosa kufoka, unaangalia mlango uko wapi.

"Bon," akasema. "Yeye mwenyewe ameomba saa moja. Moja tu, na anaitaka kwako."

"Ya nini?"

"Anataka umweleze alivyokufa. Nilimwambia hakuna anayesimulia kama weye. Alicheka mpaka akakohoa. Anasema anataka kusikia yale maneno yake ya mwisho, siku ile ya kweli asije akayarudia."

"Weka kwenye boti, grand," mdogo wangu akaniambia mimi mkubwa wake. "Akisikia vibaya hana pa kukimbilia."

Nikachukua kalamu. Siku ya pili kulikuwa na boti ya kwenda kwenye ngome ya kisiwani. Nikaandika: saa tisa, boti, kusimulia. Safu ya sababu nikaiacha tupu. Mwalimu wangu angekata alama, maana alisema ile safu ndiyo yenye akili yote.

Jumapili iliyofuata, kabla ya kununua tiketi, tuliingia wote wanne kwenye simu ya pamoja, ile ile tunayotumia kwa maombi. Unapiga namba, unabonyeza tarakimu, na kila mtu anapoingia au kutoka inalia kengele ndogo. Nilikaa ndani ya gari, nje ya nyumba yangu Louisville, kwa sababu nyumbani watoto walikuwa wanapigana kwa Kiingereza. Kengele, dada. Kengele, mdogo wetu. Kengele.

"Marehemu ameingia," sauti ikasema.

Ilikuwa imeongezeka uzito, lakini ilikuwa yake. Nilikuwa sijaisikia tangu nina miaka kumi na tano.

"Kumbe weye njo mwenye ratiba," akasema. "Soma, mdogo wangu. Huku ni saa tatu ya usiku na jua halijaambiwa."

Nikasoma kama msoma habari wa redio. Majitu ya stesheni, ambayo alisema hupita chini yake kila asubuhi na hajawahi kuyatazama usoni. Kanisa jeupe. Kanisa la mwambani. Siku ya pili, tramu, nyumba ya mvuke. Saa tisa, boti, kusimulia.

"Eee! Hiyo njo nangojea," akasema, na nikasikia anakaa vizuri kwenye kiti. "Nionjeshe kidogo. Mwisho nilisema nini?"

Yale maneno ninayajua kuliko hesabu ya mara saba. Nikafungua mdomo niyaseme.

"Hukusema kitu," nikasema. "Niliona shati tu. Lile la kwaya, kwenye mtaro. Wewe sikukuona. Nilimwambia mama nimekuona ili avuke."

Nilisikia maji ya bomba kwa dada, kisha bomba likafungwa.

"La njano?" marehemu akauliza.

"La njano."

"Nililivua mwenyewe. Lilikuwa linaonekana toka mbali, wangenipiga. Nikalitupa, nikaingia kwenye miwa." Akaongeza: "Lilikuwa shati zuri lile."

"Kwa hiyo mama alilia shati," dada akasema.

Kisha kengele ikalia.

"Nani ametoka?" mdogo wetu akauliza. "Miye bado niko."

"Niko," akasema wa Helsinki.

"Niko," nikasema.

Tukabaki wanaume watatu kwenye simu, na hakuna aliyekata. Nilingoja nilie, au mikono itetemeke, mambo ambayo watu hufanya katika masimulizi yangu. Nikagusa usukani. Ulikuwa wa moto kwa jua, na hilo tu ndilo nililoweza kulisikia. Mbele ya gari kulikuwa na baiskeli ya mtoto imelala ubavu, na ninaikumbuka vizuri, ilikuwa na gurudumu moja jekundu na jingine la bluu.

"Hiyo boti inachukua dakika ngapi?" mdogo wetu akauliza baada ya muda.

"Kumi na tano."

"Basi saa moja ilikuwa nyingi."

"Kule kisiwani wanauza supu ya samaki," marehemu akasema. "Wanaweka maziwa ndani."

"Maziwa kwenye samaki? Na hawaugui?"

"Nimeinywa miaka sita. Na mimi ni mtu aliyekufa."

Mdogo wetu akacheka puani. Mimi sikucheka, lakini nilijua kwamba ilikuwa inachekesha. Kisha kengele ikalia, na tukasikia mtu anavuta kiti.

"Simu ilikwisha moto," dada akasema.

Simu ya dada haijapata kwisha moto tangu iundwe. Hukaa kwenye waya hata kanisani. Wote watatu tulisema pole.

"Tulifika wapi?"

"Siku ya pili," nikamwambia. "Saa tisa."

"Futa hiyo."

"Nimefuta."

"Umeandika nini?"

"Supu."

Nikaangalia kioo cha simu nione kama bado tuko wanne. Tulikuwa wanne.

"Na kwenye sababu umeandika nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa bapa, kama anayesoma orodha ya dawa za wazee.

"Bado sijaandika, yaya," nikamjibu dada yangu.

"Andika tuna njaa. Kisha uitoe ile hoteli."

Nikaandika. Hoteli nikaitoa, siku zote mbili za kulala, nikageuza ukurasa, nikaendelea kusoma siku ya tatu.