Pambio Juu ya Sauti Yangu

Kanisa letu lilikuwa ukumbi wa kukodi nyuma ya soko la Walthamstow. Wakenya tulikutana humo Jumapili mchana, Waingereza wakishamaliza ibada yao. Aliyetoka kuzika nyumbani alipewa nafasi ya kushuhudia: awashukuru waliomfariji, aseme jinsi Mungu alivyomshika mkono. Kisha chai na chapati, na matanga yakawa yamekwisha.

Niliporudi kutoka kumzika mke wangu, zamu ikawa yangu.

Mama aliyeongoza sifa, rafiki wa marehemu, alininyooshea tai mlangoni. "Shemeji, uwe mfupi. Wewe ukishika maiki huachii. Chapati zitakuwa soli za viatu."

"Na nikikosa la kushukuru?"

"Halikosi. Umeamka, si umeamka?"

Nilisimama mbele. "Bwana asifiwe!"

"Amen!"

Niliwashukuru waliolala sakafuni kwetu, waliopika, waliotusindikiza uwanja wa ndege. Watu waliitikia vizuri. Kisha nikasema, "Mlifunga nami ili apone. Hakupona. Nimemwuliza Mungu alikuwa wapi, hanijibu. Bado namwamini, ndiyo maana nimemkasirikia. Shukrani sina. Naomba nimwambie hapa, mbele yenu, kwa sababu peke yangu..."

Mama wa sifa akaanzisha pambio.

Kwetu ndivyo anavyookolewa shahidi aliyepotea njia. Hakemewi, anaimbiwa. Kinanda kikamfuata, makofi yakafuata kinanda, na maneno yangu yakawa hayasikiki hata kwangu. Nilibaki na maiki mkononi, nikiwatazama safu kwa safu. Wengi walikuwa wamefumba macho. Mzee mmoja kando ya dirisha alikuwa haimbi. Alikuwa amemzika mwanawe, naye aliwahi kushuhudia pale pale nilipokuwa nimesimama, akashukuru kwa kila jambo. Nilingoja anitazame. Aliinua uso, macho yetu yakakutana, akaanza kupiga makofi.

Wakati wa chai mama wa sifa aliniletea sahani iliyojaa. "Ni uchungu tu, Shemeji. Tunaelewa. Utashuhudia vizuri siku nyingine."

Ndani ya basi binti yangu, aliyezaliwa hapa, aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini waliimba nami sijamaliza.

"Walikuwa wananisaidia," nikamjibu kwa Kiswahili.

Akageukia dirisha. Alikuwa na umri wa kutosha kujua ninapodanganya, na wa kutosha kuniachia.

Usiku huo nilipiga magoti nimalizie yale niliyokatizwa. Hayakunipa nafuu. Mungu alikuwa ameyasikia tangu wodini, kila siku, akanyamaza. Niliotaka wayasikie ni wale watu wa ukumbini, na wao walikuwa wameshaosha vikombe wakaenda makwao.

Bado ninakwenda kila Jumapili. Sijui pengine pa kwenda. Ninaimba. Kushuhudia sijaombwa tena.