Bibi yangu aligombana na kijiji kizima, nikaogopa siku ya kushuhudiwa atapita kimya

Wakuu, heshima kwenu nyote. Na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nanyi nawaona, karibuni.

Hii si chai. Nitakayoyaandika nimeyaona na kuyasikia mwenyewe, na kijiji kizima kilikuwepo. Nimebadilisha majina tu, maana watu wa kwetu wamo humu ndani na wengine wana midomo.

Mimi ni mtu wa Unguja. Kazi yangu iko Mji Mkongwe, napokea wageni kwenye nyumba moja ya kulala wageni kule Shangani. Lakini kwetu hasa ni kusini, uwandani. Ukifika Jambiani unaiacha bahari nyuma yako, unaingia ndani kwenye mawe.

Kwa asiyejua, uwanda wetu ni mawe na vichaka. Jembe halishiki. Tunalima kwa mtaimbo: unachimbua kishimo baina ya jiwe na jiwe, unatia mbegu, unaomba Mungu. Watalii wakipita na gari wanadhani pale hapajawahi kukaa mtu. Mimi nikipita naona choroko, mtama, ndimu, na kuta za mawe ambazo wazee wetu walizipanga kwa mikono kuzuia nguruwe mwitu. Najivunia sana kwetu, na sioni haya kulisema.

Sasa twende kwenye mada.

Kila mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikikaribia, tunasoma khitma ya kijiji kwenye uwanja wa skuli. Wanaume mbele, wanawake upande wa pili chini ya turubai. Baada ya dua Imamu huwataja waliofariki tangu Shaabani iliyopita, mmoja mmoja. Akitaja jina anauliza, "Nani anamshuhudia?"

Hapo mtu husimama akaeleza jambo moja jema la yule marehemu. Lazima awe ameliona kwa macho yake, mambo ya kuambiwa hayakubaliki. Na jamaa haruhusiwi. Mtoto, mjukuu, mume, mkwe, wote mnakaa kimya. Shahidi akimaliza, uwanja mzima unajibu, "Tumeshuhudia."

Asiposimama mtu, Imamu anangoja kidogo, anasoma Fatiha, anakwenda kwenye jina linalofuata. Sisi tunaita kupita kimya.

Hakuna atakayekusema vibaya kwa hilo. Lakini linauma, wakuu. Nilishawahi kuona familia ambayo mzee wao alipita kimya. Waliondoka kabla pilau haijapakuliwa, na mpaka leo hawaji kwenye khitma.

Mwaka huu jina la bibi yangu lilikuwemo. Tumwite Bi Mize.

Bi Mize ndiye aliyenilea. Mama yangu aliolewa Mkokotoni, mimi nikabaki kwa bibi nikiwa bado sijaanza skuli. Nampenda kupita maelezo. Lakini niwaambie ukweli, bibi alikuwa mkali hadi paka wa jirani walikuwa wanazunguka nyumba yetu kwa mbali.

Ukimsalimia vibaya, anakurudisha ukasalimie upya. Ukimletea samaki, anamfunua mashavu mbele yako aone kama kalala. Sidhani kama kuna nyumba kijijini ambayo hakuwahi kupishana nayo maneno.

Na chanzo kikubwa kilikuwa kisima.

Kisima chetu ni pango. Unashuka ngazi za mawe mpaka chini, unakuta maji. Ni matamu, lakini yamekaa juu ya maji ya chumvi. Kiangazi mkiyateka kwa pupa, chumvi inapanda, na ikishapanda mmekwisha. Kijiji jirani waliweka pampu, wakawa wanavuta usiku na mchana. Leo maji yao hata sabuni haitoi povu.

Bibi hakuchaguliwa na mtu. Alijichagua. Kila kiangazi alikuwa anakaa juu ya jiwe pale mlangoni mwa pango na bakora yake, na sheria zake zilikuwa mbili: kila nyumba ndoo mbili kwa siku, na jua likizama hakuna kuteka, kisima kinapumzika.

Hakuangalia sura. Mwenye mgonjwa alimpa ndoo ya ziada, lakini kwanza aende naye kumwona huyo mgonjwa. Mwenye wageni hakumpa. Watu walimtukana. Wengine walisema kisima amekigeuza cha babake. Alikuwa anajibu, "Tukaneni, lakini foleni msiivunje."

Mabomba yalipokuja watu wakapumua, hasa kwa kuondokana na yeye. Bomba likikatika, wanarudi pangoni, na wanamkuta juu ya jiwe lake.

Basi khitma ilipokaribia, mimi usingizi ukawa wa kuibia. Nikawaza, nani atasimama? Wajukuu haturuhusiwi. Rafiki zake wa karibu wawili walishatangulia. Waliobaki ni wale aliowafukuza kisimani.

Nikampigia simu khalati Asha, binti mdogo wa bibi, ambaye anaishi pale pale kijijini. Nikamwambia labda tumzungumzie bibi kwa jirani mmoja, tumkumbushe wema wake kidogo.

Khalati akasema, "Wee, mama hajapatapo kumwomba mtu kitu. Ukenda kumwombea shahidi atatoka kaburini akurudishe nyuma ya foleni."

Tukacheka. Nilipokata simu sikucheka tena.

Siku ikafika. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwetu. Uwanja ulijaa, majamvi yamepangwa, watoto wanapitisha halua na kahawa. Nikakaa safu ya nyuma ili nikihitaji kuondoka niweze. Naam, nilishajipangia kabisa namna ya kuondoka.

Tukasoma, tukaomba dua. Imamu akaanza.

Jina la kwanza lilikuwa la mzee aliyekuwa bingwa wa kupanga kuta za mawe. Akasimama mtu wa makamo akasema, "Mimi shamba langu liko njiani mwake. Kila akipita na kukuta jiwe limeanguka kwenye ukuta wangu, alikuwa analirudisha. Siku moja nlimwona amevaa kanzu nyeupe, anakwenda Ijumaa, akasimama akalirudisha. Sikuwahi kumwomba na hakuwahi kunambia."

"Tumeshuhudia."

Jina la pili, mwalimu wetu wa skuli. Mama mmoja akasimama akasema mwanawe alikuwa na mguu mbovu, na mwalimu yule alikuwa hatangulii kwenda nyumbani. Alikuwa anatembea nyuma ya yule mtoto, polepole, kama mtu ambaye hana haraka, mpaka mtoto afike kwao.

"Tumeshuhudia."

Wakuu, pale nilisahau kidogo woga wangu. Nilijaa fahari. Hawa ni watu ambao hakuna gazeti litakaloandika habari zao, na nimeishi nao bila kujua nusu ya waliyoyafanya.

Kisha nikasikia, "Bi Mize binti Haji. Nani anamshuhudia?"

Kimya.

Nikasikia mtu anakohoa. Kikombe kikawekwa chini. Imamu akangoja, akainamisha kichwa, nikaona mikono yake inaanza kupanda kwa ajili ya Fatiha. Mimi nikatafuta viatu vyangu kwa mguu.

"Ngoja, Imamu."

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Nikageuka. Aliyesimama alikuwa Bi Kazija.

Niwaeleze Bi Kazija ni nani. Huyu na bibi yangu hawakusemeshana tangu mimi mdogo. Wakikutana njiani mmoja alikuwa anavuka upande wa pili. Sababu kila mtu anaijua: siku ya harusi ya binti yake, kiangazi kikali, wageni wametoka mjini, pilau liko jikoni, Bi Kazija alikwenda kisimani kutaka ndoo ya tatu. Bibi akamrudisha na ndoo tupu mbele ya wakwe.

Kwa hiyo alipoinuka, niliacha kutafuta viatu. Khitmani haijatokea mtu kumsema marehemu vibaya. Lakini nikasema leo ndiyo inatokea, na anayesemwa ni wangu.

Bi Kazija akajifunga vizuri mtandio wake. Ni mtu mzima sana sasa, lakini sauti bado anayo.

"Mize sikumpenda," akasema. "Na yeye hakunipenda. Hilo nyote mnalijua, na wala sikusimama hapa kusema uongo juu ya marehemu."

Watu wakainamisha macho.

"Siku ya harusi ya mwanangu alinirejesha kisimani. Nkatoka pale nna hasira, nkenda moja kwa moja nyumbani kwake, yeye bado yuko kisimani. Nlikuwa najua nitakachokikuta. Nkasema huyu anatunyima sisi, kwake kajaza mitungi, leo ntaifunua, ntawaita watu waje waone."

Akaendelea.

"Nkafunua mtungi wa kwanza, mkavu. Wa pili, mkavu. Ndoo zimelazwa. Jikoni muhogo umefukiwa kwenye majivu ya moto unachomwa, kwa kuwa maji ya kuuchemshia hana. Mize alikuwa anateka wa mwisho. Sisi sote tukishateka ndiyo anashuka yeye, na jua likiwahi kuzama, anaondoka na ndoo tupu. Sheria yake ilikuwa inamkamata na yeye."

Akainua kidole kimoja.

"Maji yaliyokuwamo nyumba ile yalikuwa kopo moja, limefunikwa kisahani. Nkajua la nani. La mjukuu wake, akirudi kutoka chuo cha Kurani anywe."

Wakuu, huyo mjukuu ni mimi.

Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa najua bibi anapenda muhogo wa kuchoma. Nimeshawasimulia watu. Hata wageni pale kazini nimewaambia, bibi yangu na muhogo wa kuchoma huwatenganishi. Kopo lile nilikuwa nalinywa lote, narudisha kisahani, natoka kucheza.

Bi Kazija akamalizia, "Nkafunika mitungi, nkarudi kwangu. Hasira haikunitoka, maana alinidhalilisha mbele ya wakwe. Mpaka amekufa haijanitoka. Lakini mimi Mungu ataniuliza nlichokiona, hataniuliza nani nlimpenda. Nimeona kwa macho haya. Kisima kile tunakinywa leo kwa sababu yake. Namshuhudia Mize."

Akakaa.

Kwa kawaida watu hujibu pale pale. Safari hii ilichukua muda kidogo, kisha likaja, wanaume na wanawake kwa pamoja, "Tumeshuhudia." Khalati Asha nilimwona kwa mbali amejifunika uso kwa ukaya. Mimi sikujifunika na chochote, nililia tu hadharani kama mtoto, na jirani yangu wa safuni akanipa leso yake bila kuniangalia.

Sikuondoka. Nilikaa nikala pilau mpaka ukoko.

Watu walipoanza kutawanyika nikaenda upande wa wanawake, nikasimama pembeni, nikamwita Bi Kazija kwa heshima.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Usinishukuru, sikusimama kwa ajili yako."

"Najua, bibi."

Akaniangalia juu mpaka chini. Kisha akasema taratibu, "Mimi nami siku yangu ikifika, sijui. Watu karibu wote nshagombana nao. Afadhali ya Mize alikuwa na mimi."

"Mimi si jamaa yako," nikamwambia. "Ntasimama."

"Utasema nini?"

"Nlichokiona leo."

Nikaona kidevu chake kinacheza kidogo, akakikaza.

"Basi usirefushe," akasema. "Watu huwa na njaa."

Kabla ya kurudi mjini nilipita pangoni. Nikashuka zile ngazi, nikateka kwa kiganja, nikanywa. Bado ni matamu. Jiwe lake lipo pale mlangoni na hakuna aliyekaa juu yake, ingawa lina kivuli kizuri.

Sasa nilichojifunza mimi. Nilidhani heshima ya mtu ni kupendwa na watu. Bibi hakupendwa, na sasa najua kwamba yeye mwenyewe alilijua hilo kila asubuhi alipokwenda kukaa pale. Lakini ameacha maji, na ameacha hasimu aliyesimama mbele ya kijiji kizima kumwambia Imamu angoje. Mimi nina marafiki wengi mjini, tunacheka kila siku, na sijui hata mmoja wao angesimama aseme ameniona nikifanya nini.

Kwa hiyo nawauliza nanyi, wakuu. Mzee wenu aliyetangulia, ukiwatoa jamaa wote, nani angesimama, na angesema ameona nini? Mtaje hapa chini, jambo moja tu, la kuona kwa macho. Tutajibu sote.

Mimi naishia hapa, muhogo uko jikoni. Bomba leo linatoka vizuri tu, lakini nauchoma.