Nilienda Runingu Kuamua Mupira wa Wafu

Nyinyi vijana mutakaosoma hii, muweke telefone chini kwanza. Minye nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primere tu, lakini safari hii niliiona kwa macho yangu, na macho haina diplome.

Sababu ya kutoka ni hii. Siku nne kabla ya ndoa ya mujukuu wangu Neema, baba yake Pascal, mutoto wangu, alirudi Kilibula kutoka kwa bakwe zetu wa Runingu. Alikuwa ameenda kuchukua mbuzi wa mwisho wa mahari. Alirudi na kamba tupu.

"Pascal, mbuzi iko wapi?"

"Mama, ndoa imekufa. Muzee Rubeni ni muongo. Anasema ule muntu alifika, na minye niliona hakufika."

"Muntu gani? Alikuwa anaenda wapi?"

Ndipo nikaelezwa. Kwa Muzee Rubeni, baba ya Eliya bwana-arusi, kuko televizio, na walikuwa wanaangalia mupira wa Wamerika, wa wakati minye nilikuwa ningali mgongoni mwa mama. Watu wazima, wenye kulipwa mushahara, wanapiga kampira kadogo na fimbo, halafu wanakimbia kuzunguka kiwanja. Muntu akirudi pale alipoanzia bila kuguswa na kampira, ni goli. Siku ile walikuwa sawa kwa sawa mpaka mwisho. Mukimbiaji mumoja akajitupa chini, mavumbi yakapanda, filme ikakatika. Ni pale matusi yalianzia.

Asubuhi tulipanda moto, ile pikipiki ya kulipia, Pascal katikati, minye nyuma. Tulipopita Kavimvira, mwenye moto alikuwa amekwisha kusikia yote.

"Koko, alifika," akasema; huku kwetu nyanya tunamwita koko.

"Weye uliona?"

"Hapana. Lakini minye niko upande wake."

Mpaka Kiliba yeye na Pascal hawakusemezana tena, na walikuwa wamebanana tumbo kwa mgongo.

Saa tatu, Runingu. Muhogo ulikuwa kwenye jua, wa kuugeuza hakuna. Wanaume walijaa kwa Muzee Rubeni: wa "alifika" kushoto, wa "hakufika" kulia. Rubeni ni shemasi. Alinipa kiti, akanisalimia kwa heshima zote, kisha akasema:

"Mama, mbuzi nitatoa. Lakini Pascal akubali kwanza kama ule muntu alifika."

"Ule muntu iko hai?"

"Nafikiri alikwisha kufa. Wote walikwisha kufa."

"Na Neema mwenye iko hai?"

Akarudilia: "Pascal akubali kwanza."

Nikaamka kwenye kiti. Nikatandika gunia katikati ya kiwanja.

"Basi turudilie. Rubeni, kimbia mpaka kwenye gunia. Pascal, ngojea hapo. Watakutupia ndimu, umuguse nayo. Arbitre, mwenye kuamua, ni minye."

Shemasi akavua koti. Akakimbia sawa mbuzi aliyekata kamba, akajitupa, suruali ikalia *paaa*, na mavumbi yakafunika muhogo, gunia na heshima zote.

"Mama, nilifika?"

"Mama, si hakufika?"

Pascal alikuwa amemuangukia na ndimu mukononi; walikuwa chini, mukwe juu ya mukwe, wananiangalia sawa watoto wa kunyonya.

"Mavumbi imejaa mu macho yangu," nikajibu. "Sikuona. Mukitaka, mukimbie tena."

Muzee Rubeni akashika goti, akasema tupumuzike kwanza. Bibi yake akatoka jikoni, akamuzunguka nyuma.

"Baba Eliya, hiyo ni suruali ya arusi. Jumamosi utaivaa hivyo hivyo, watu waone ulipofika."

Watu wakacheka mpaka wa kushoto wakaegemea wa kulia. Mama ule alisema Jumamosi, na hakuna mwanaume aliyemupinga. Rubeni akatoa mbuzi, na Pascal mwenyewe akamufunga kamba.

Jioni tulirudi, mbuzi kwenye mapaja yangu. Nilijifunza kama wanaume wanaweza kukataa kweli mwezi mzima, lakini suruali iliyopasuka wanaikubali mara moja. Na kuona, niliona. Macho yangu iko mazima, na mpaka leo sikumwambia hata Pascal.

Nilipofika Kilibula, nyumba nzima ilikuwa mulangoni. Neema peke yake aliangalia mbuzi, akalia. Wengine wakapiga kelele: "Koko, alifika ao hakufika?"

Nikawaambia: "Neema, kamata mbuzi. Nyinyi wengine, muingie mupepete mchele wa arusi. Na atakayeuliza tena, atakula inje na mbuzi."